XIAP, cIAP1 au survivini: uchague protini ipi kwa utafiti wako wa saratani?

Msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti ukifika, swali hili huulizwa sana na wanafunzi wa uzamili hapa Mombasa: "Mwalimu, nataka kufanyia kazi protini zinazozuia seli ya saratani isife. Nichukue XIAP, cIAP1 au survivini?" Wengi huishia kuchagua ile iliyoandikiwa makala nyingi zaidi, au ile ambayo msimamizi wao ana kingamwili yake tayari kwenye freza. Sababu ya pili ina akili ndani yake. Ya kwanza ndiyo inayowapoteza watu, kwa sababu protini hizi tatu za ukoo mmoja hazihusiani na uvunjaji wa protini kwa namna moja. cIAP1 kazi yake kubwa ni kuamua protini gani ivunjwe na ipi itumike kupitisha ishara. XIAP huzikamata kaspasi zenyewe, yaani vimeng'enya vinavyoiua seli. Survivini nayo huundwa na kuvunjwa mfululizo, na ikiwepo huwalinda wenzake wasivunjwe. Swali zuri kwa moja linaweza kuwa swali butu kwa nyingine, na mwaka mzima wa kazi ukapotea hapo.

Kwanza, msingi kidogo

Seli iliyoharibika vibaya kwa kawaida hujiua kwa utaratibu. Kerr, Wyllie na Currie waliuita utaratibu huo apoptosisi mwaka 1972. Watekelezaji wake ni kaspasi, vimeng'enya vinavyokata protini nyingine: kaspasi 8 na 9 huanzisha, kaspasi 3 na 7 humaliza kazi. Mwaka 1993 maabara ya Lois Miller nchini Marekani ilionyesha kwamba bakulovirusi, virusi vinavyoshambulia wadudu, hubeba jeni inayoizuia seli ya mdudu kujiua kabla virusi havijazaana. Binadamu tuna protini nane za ukoo huo, unaofupishwa IAP. Zote zina angalau kipande kimoja kiitwacho BIR, cha takriban asidi amino 70, kilichokunjwa kuizunguka chembe ya zinki.

Upande wa pili wa habari hii ni ubikwitini, protini ndogo ya asidi amino 76 inayobandikwa juu ya protini nyingine. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipewa Nobeli ya Kemia mwaka 2004 kwa kugundua jinsi inavyozipeleka protini kuvunjwa. Ligasi ya E3 ndiyo inayochagua nani abandikwe. Molekuli za ubikwitini zikiungana kupitia lisini (asidi amino) ya 48, protini iliyobandikwa huenda kwenye proteasomu, mashine ya seli ya kuvunjia protini, na kukatwakatwa. Zikiungana kupitia lisini ya 63, kwa kawaida protini haivunjwi. Mnyororo ule huwa mahali pa kukutania protini za kupitisha ishara. Ni kama kontena pale bandari ya Kilindini: kubandikwa alama peke yake hakukwambii kitu, aina ya alama ndiyo inayoamua linakwenda wapi. Mwanafunzi anayeandika "protini ilibandikwa ubikwitini, kwa hiyo ilivunjwa" ameruka hatua, na mtahini makini ataiona.

Vigezo nilivyotumia

Nazipima zote tatu kwa mambo matano: zinafanya nini kwa kaspasi, zina nafasi gani katika uvunjaji wa protini, zinagusa ishara zipi, kuna dawa au vizuizi gani vya kujaribia, na mtu aliye Mombasa anaweza kuzipima vipi kwa uaminifu. Sikuweka umaarufu kati ya vigezo. Nimekipa uzito zaidi kigezo cha pili na cha tatu kwa kuwa ndivyo vinavyozitenganisha kweli.

Kwa kaspasi

XIAP haina mpinzani hapa. Ina asidi amino 497 na BIR tatu. BIR ya tatu hujifunga kwenye kaspasi 9 na kuizuia isipate mwenzi wa kuungana naye, ilhali BIR ya pili, pamoja na uzi mfupi unaoitangulia, huziba mdomo wa kaspasi 3 na 7. Katika ukoo mzima wa binadamu, hii ndiyo inayozizuia kaspasi moja kwa moja kwa nguvu ya kutosha.

cIAP1 hujifunga kwenye kaspasi lakini huzizuia kwa udhaifu mno. Ulinzi wake hutoka kwingine, kama tutakavyoona. Survivini ni ndogo, asidi amino 142 na BIR moja tu, na hoja kwamba inazizuia kaspasi kwa kuzigusa yenyewe haijasimama vizuri. Ukisoma pendekezo linalosema "survivini huzuia kaspasi 3" bila maelezo zaidi, liulize kwa njia gani.

Kuvunja na kuvunjwa

Hapa ndipo pa kukaa.

cIAP1 ni ligasi ya E3. Mkiani mwake kuna kipande cha RING kinachofanya kazi ya kubandika. Katika seli tulivu, cIAP1 (pamoja na cIAP2), ikishirikiana na protini za TRAF2 na TRAF3, huibandika kimeng'enya cha kupitisha ishara kiitwacho NIK kwa minyororo ya kuvunjwa, tena bila kukoma, ndiyo maana NIK haionekani sana kwenye seli isiyosumbuliwa. Lakini cIAP1 hiyo hiyo, ikiwa kwenye kipokezi cha TNF (protini ya ishara inayotolewa na seli), huibandika RIPK1, kimeng'enya kingine cha ishara, kwa minyororo ya aina nyingine, ikiwemo ya lisini ya 63, na RIPK1 haivunjwi. Inakuwa jukwaa la ishara za kuishi. Ligasi moja, matokeo mawili yanayopingana. Kwa mtu anayependa kuuliza maswali ya uvunjaji wa protini, sijui mfano mzuri kuliko huu katika biolojia ya saratani.

Tena yenyewe hujivunja. Mwaka 2000 makundi mawili ya watafiti yaligundua protini ya mitokondria iitwayo Smac, ambayo ikitoka nje ya mitokondria huzifunga IAP kwa asidi amino nne za mwanzoni mwake. Wanakemia wakatengeneza molekuli ndogo zinazoiga hizo nne. Mwaka 2007 ikaonekana kwamba molekuli hizo zikiingia kwenye seli, cIAP1 hufunguka, RING zake zikapata kuungana mbili mbili, ikajibandika ubikwitini na kuvunjwa ndani ya dakika chache. NIK ikapona, ikalimbikizana, NF-κB (protini zinazowasha jeni, zikiwemo za kuishi) ikawashwa, na baadhi ya seli za saratani zikatengeneza TNF yao wenyewe. TNF hiyo ikirudi kwenye kipokezi inakuta hakuna cIAP1 wa kuibandika RIPK1. RIPK1 inaungana na FADD, protini ya kuunganisha, na kaspasi 8, na seli inakufa. Mnyororo mzima wa sababu unaweza kuufuatilia hatua kwa hatua kwa saa, na kila hatua ina kizuizi chake.

XIAP nayo ina RING na ni ligasi ya E3. Hubandika kaspasi 3 na 7, hubandika Smac, hujibandika na yenyewe. Ila kuna mtego ambao lazima uujue kabla ya kuichagua: kaspasi zikishawaka, huikata XIAP. Kwa hiyo ukiona XIAP imepungua kwenye seli zinazokufa, huenda kupungua huko ni tokeo la kifo wala si chanzo chake. Dawa ya kujitetea ni kurudia jaribio ukiwa umezuia kaspasi kwa zVAD. Kama XIAP bado inapungua, una habari. Kama haipungui, umeokoka aibu.

Survivini haina RING, basi si ligasi. Yenyewe ndiyo inayovunjwa: nusu-uhai wake ni kama nusu saa, na wingi wake hupanda seli inapokaribia kugawanyika na kushuka baada ya hapo. Huhitaji msaada wa HSP90, protini inayosaidia nyingine zikunjwe sawasawa, ili kudumu. Cha kuvutia zaidi ni kwamba survivini hujifunga na XIAP na kuifanya isivunjwe upesi, na huenda sehemu ya ulinzi wake dhidi ya kifo hupitia hapo. Ukiizima survivini, basi, usisahau kupima XIAP kwenye sampuli hizo hizo.

Ishara

Kwa cIAP1 nimeshaeleza: NF-κB ya njia zote mbili. Njia moja huiwasha kupitia RIPK1, nyingine huizima kupitia NIK. Ukiiondoa cIAP1, usitarajie jibu la "ishara imepungua" au "imeongezeka". Inategemea njia, muda, na kama TNF ipo.

XIAP hugusa NF-κB pia: BIR yake ya kwanza hujifunga kwa protini ya TAB1 na hivyo kuwasha kimeng'enya cha TAK1, kinachoiwasha NF-κB. Lakini kazi yake iliyothibitika vizuri zaidi kwa binadamu ni ya kinga. Hubandika RIPK2, kimeng'enya cha ishara, kwenye njia ya kipokezi cha NOD2, inayotambua vipande vya ukuta wa bakteria. Mwaka 2006 iligunduliwa kwamba wavulana waliozaliwa na kasoro ya jeni hii, iliyoko kwenye kromosomu X, hupata ugonjwa mkali wa kinga, hasa wakiambukizwa virusi vya Epstein-Barr, na baadhi huugua uvimbe wa matumbo. Wakati huo huo panya wasio na XIAP huonekana wazima kwenye maabara. Tofauti hiyo ni onyo kwa kila anayetaka kuhama haraka kutoka kwa panya hadi kwa mgonjwa.

Ishara za survivini ni za mgawanyiko wa seli. Hukaa pamoja na Aurora B, INCENP na borealini, kundi linalohakikisha kromosomu zinagawanywa sawasawa. Panya asiye nayo kabisa hufa akiwa kiinitete cha siku chache.

Dawa na vizuizi

Waigaji wa Smac ndio wengi: LCL161, birinapanti, zevinapanti. Wanazifunga XIAP na cIAP1 zote mbili, lakini kinachotokea upesi na kwa kishindo ni kuvunjwa kwa cIAP1. Kwa hiyo matokeo yaliyopatikana kwa mwigaji wa Smac pekee usiyaite "matokeo ya kuzuia XIAP". Hospitalini bado njia ni ndefu. Zevinapanti ilionyesha matumaini katika jaribio la awamu ya pili kwa saratani za kichwa na shingo, lakini jaribio kubwa la awamu ya tatu lilisitishwa mwaka 2024 baada ya kuonekana kwamba lisingefikia lengo lake. Nasema hivi kwa sababu wanafunzi hupenda kumalizia pendekezo kwa ahadi ya tiba. Andika kwa kiasi.

Kwa XIAP peke yake kuna embelini, kemikali ya mimea ya jamii ya Embelia. Ilipatikana mwaka 2004 kwa kupekua kwa kompyuta hazina ya kemikali za tiba za asili, na ikaonekana kujifunga kwenye BIR ya tatu. Ni ya bei nafuu, na wengi hapa huipenda kwa sababu inagusa mitishamba. Ila nguvu yake ni ndogo na inagusa vitu vingine vingi ndani ya seli. siRNA, vipande vya RNA vinavyoizima jeni moja, ni safi zaidi.

Kwa survivini kuna YM155, ambayo majaribio yake kwa wagonjwa hayakuleta matunda yaliyotarajiwa. Na hapa niseme jambo linalonigusa. Kila mara hujitokeza mwanafunzi mwenye wazo la dondoo la mwarobaini, au mti mwingine wa Pwani, na protini anayoichagua ni survivini. Akitia dondoo kwenye seli, survivini inapungua, naye anafurahi. Lakini kitu chochote kinachosimamisha seli kabla ya kufikia mgawanyiko kitapunguza survivini, hata sumu ya kawaida tu. Kupungua kwake hakuthibitishi kwamba ndiyo iliyolengwa. Usipopima hatua za mzunguko wa seli sambamba, huna dai. Mti unaweza kuwa na thamani kubwa, na ndiyo sababu unastahili jaribio linaloweza kuutetea mbele ya watu wagumu.

Kupima ukiwa Mombasa

Joto na unyevu wa hapa ni rafiki wa kuvu, na kuvu ni adui wa seli zinazokuzwa. Stima ikipotea usiku na jenereta ikachelewa, freza na kabati la seli vyote vinapata tabu. Kingamwili nyingi hupitia kwa mawakala wa Nairobi, na mzigo ulioshinda stoo bila barafu mwisho wa juma unaweza kufika ukiwa umekwisha. Haya yaingize kwenye bajeti na kwenye ratiba.

Kwa majaribio ya seli hai, cIAP1 ndiyo inayodai nidhamu zaidi ya muda, kwa sababu mabadiliko yake ni ya dakika. Pia inafanana mno na cIAP2. Hakikisha kingamwili yako inazitofautisha, kwani cIAP1 ikiondoka, cIAP2 yaweza kupanda na kukudanganya. Chagua aina ya seli kwa makini: MDA-MB-231 za saratani ya matiti hufa kwa mwigaji wa Smac peke yake, nyingi nyingine huhitaji kuongezewa TNF. HeLa, seli za saratani ya shingo ya kizazi, hazina RIPK3, hivyo usizitumie kutafuta nekroptosisi, kifo cha seli kinachohitaji protini hiyo.

XIAP ni ya kati: kilodaltoni kama 55, haisumbui kwenye westan bloti (kupima protini kwa kingamwili juu ya utando), na haibadiliki ghafla. Survivini ni ndogo, kilodaltoni 16.5, hivyo inataka jeli nzito na utando wenye matundu madogo, la sivyo inapita na kupotea. Lakini survivini ina faida moja kubwa kwa asiye na maabara ya seli: inasomeka vizuri kwenye bloku za parafini, vipande vya uvimbe wa wagonjwa vilivyohifadhiwa patholojia. Kumbuka kuandika kama rangi iko kwenye kiini au nje yake, na usisahau kwamba seli za kawaida zinazogawanyika, za ngozi au za matumbo, nazo huwa nayo.

Asiye na maabara wala bloku ana kompyuta. Miundo ya protini iko bure kwenye hazina ya PDB: 1G73 inaonyesha Smac ikiwa imejifunga kwa BIR ya tatu ya XIAP, 2QFA inaonyesha survivini pamoja na borealini na INCENP. Kwa kazi ya namna hii XIAP iko mbele, kwa kuwa mfuko anaoingia Smac ni mdogo na unajulikana vizuri.

Kwa hali yako

Ukiwa unafanya kazi na idara ya patholojia na swali lako ni la saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi Kenya, survivini ina mantiki ya ndani. Protini ya E6 ya virusi vya HPV huipeleka p53, protini inayozuia saratani, kuvunjwa, na p53 ndiyo kawaida huizuia jeni ya survivini. Hapo una habari ya uvunjaji wa protini inayoanzia kwenye virusi. Anza mapema maombi ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti Kenya, maana bloku za wagonjwa hazichukuliwi kwa mdomo.

Ukiwa na bloku hizo hizo lakini wagonjwa walipata mionzi na kumbukumbu zao zimetunzwa vizuri, ningeifikiria cIAP1. Watafiti wa Japani waliripoti mwaka 2002 kwamba jeni yake, iliyoko kwenye kromosomu 11, huongezeka nakala katika baadhi ya saratani za shingo ya kizazi, na wingi wa protini yake ukaenda sambamba na ukaidi dhidi ya mionzi. Hilo ni swali ambalo hospitali yoyote inayotoa mionzi inaweza kulirudia kwa wagonjwa wake.

Ukiwa na maabara ya seli inayoaminika, mwigaji wa Smac na muda wa kukaa na saa mkononi, cIAP1 itakufundisha uvunjaji wa protini na ishara kwa pamoja kuliko nyingine mbili. Ukiwa peke yako na hakuna wa kukupokea zamu ya usiku, isubiri.

XIAP inamfaa anayetoka kemia au biolojia ya kompyuta, na pia anayependa kinga ya mwili kuliko saratani. Inamfaa vilevile mwenye bajeti ndogo anayetaka protini isiyobadilika kila dakika, mradi zVAD iwemo kwenye mpango tangu siku ya kwanza.

Na kama fedha za kingamwili tatu zipo na bado moyo hautulii, fanya jaribio moja la majaribio kabla ya kuandika pendekezo: seli za aina moja, mwigaji wa Smac, sampuli za dakika 0, 15, 30 na 60 kisha saa 24, na sambamba nazo sampuli za dakika 60 na za saa 24 zilizotiwa zVAD, pamoja na moja ya dakika 60 iliyotiwa MG132 ya kuzuia proteasomu. Pima cIAP1, XIAP na survivini kutoka sampuli zile zile. Ile ambayo mabadiliko yake hukuweza kuyaeleza kwa ulichokisoma ndiyo ya kumpelekea msimamizi.